Karatasi za Kantori: Ni Nani Mwenye Kazi Iliyotungwa kwa Mshahara wa Kanisa?

Mtumishi wa Kanisa anapotunga wimbo, anapoandaa kitabu cha mafundisho au anapotafsiri liturgia, huku akiishi katika nyumba ya usharika na kupokea mshahara wa usharika, kazi hiyo ni mali ya nani? Swali hili husikika siku ya kuagana zaidi kuliko siku ya kuajiriwa. Mwalimu wa kwaya anahamia usharika mwingine. Daftari la nyimbo alizozitunga linabaki kabatini, au linaondoka mkobani mwake, na kila upande unaamini kwamba haki iko kwake. Wengine hujibu upesi kwamba kazi ya Mungu haina mwenyewe. Jibu hilo lina sura ya uchaji, lakini mara nyingi hutolewa na yule ambaye hakuifanya kazi yenyewe.

Makala hii inakusudia kulitazama swali hilo kwa njia ya historia, kwa kuchunguza mfano mmoja ulio ndani ya nyumba yetu ya Kilutheri. Huyu ni Johann Sebastian Bach, aliyekuwa kantori, yaani mkuu wa muziki wa Kanisa na mwalimu wa shule, mjini Leipzig tangu mwaka 1723 hadi alipofariki tarehe 28 Julai 1750. Sikumchagua kwa ajili ya sifa zake tu. Hati za ajira yake zimehifadhiwa vizuri, na baada ya kifo chake twaweza kuzifuata karatasi zake na kuona zilikwenda kwa nani na zilifikia wapi. Ni katika safari ya karatasi hizo, kuliko katika vitabu vya sheria, ndimo swali letu linapoonekana wazi.

Wittenberg kabla ya Leipzig

Kwanza yafaa tupite Wittenberg. Martin Luther alikuwa profesa aliyelipwa na Mtawala Mteule wa Saxony, naye hakupokea malipo yoyote kutoka kwa wachapaji kwa vitabu vyake. Faida yote ilikwenda kwa wachapaji na wauza vitabu. Hata kibali cha pekee cha kuuza Biblia nzima ya mwaka 1534 kilitolewa na Mtawala kwa wauza vitabu, si kwa mfasiri. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya wakati ule: ulinzi wa serikali ulimfuata mwenye mtaji.

Hata hivyo Luther hakuwa mtu wa kunyamaza. Mwaka 1525 sehemu ya mswada wa mahubiri yake iliibwa kutoka kwenye kiwanda cha uchapaji cha Wittenberg, ikachapishwa Nürnberg kabla ya kutoka kwa mchapaji wake mwenyewe. Luther aliliandikia Baraza la mji ule, na katika onyo lake kwa wachapaji aliufananisha wizi huo na unyang'anyi wa barabarani. Ukiyasoma malalamiko yake kwa makini utaona kwamba hadai fedha ziingie mfukoni mwake. Anawatetea wachapaji waliokwisha kugharimia kazi, na zaidi ya hapo analalamika kwamba maneno yake yameharibiwa kwa makosa hata hayatambui tena kuwa ni yake. Miaka michache baadaye, Hieronymus Emser, mpinzani wake, alitoa Agano Jipya la Kijerumani (1527) ambalo kwa sehemu kubwa lilikuwa tafsiri ya Luther iliyorekebishwa hapa na pale. Katika waraka wake juu ya kazi ya kufasiri wa mwaka 1530 Luther alimdhihaki, lakini akakiri pia kwamba ilimtosha kuona kazi yake ikienezwa hata na adui zake, tena bila jina lake.

Hapa tayari kuna mambo mawili ambayo sisi huyachanganya. Moja ni haki ya mapato, ambayo Luther aliiacha kwa hiari. La pili ni haki ya mtunzi kwamba kazi yake isipotoshwe, na hiyo hakuiacha kamwe. Wala kujinyima kwake hakukuwa kanuni ya kuwanyima wengine. Mwaka 1526, Mtawala Johann alipoivunja kwaya ya ikulu, Luther na Melanchthon waliandika kumwombea Johann Walter, mwanamuziki aliyetoa pamoja na Luther kitabu cha nyimbo za kwaya cha mwaka 1524, ili aendelee kutunzwa. Yeye aliyekataa ujira wake alimwombea mwenzake ujira. Wanaopenda kumtaja Luther kama mfano wa kutoa bure hulisahau jambo hili.

Hati ya masharti 14

Bach alikuwa mwajiriwa maisha yake yote. Alitumikia mabaraza ya miji, watawala wa ikulu, na tena baraza la mji. Tangu ujana wake twaona jinsi alivyozifikiria karatasi za muziki. Alipoomba ruhusa ya kuondoka Mühlhausen tarehe 25 Juni 1708, akiwa na umri wa miaka 23, aliwaeleza waajiri wake kwamba alikuwa amejikusanyia akiba nzuri ya muziki wa Kanisa, wala si bila gharama. Aliyasema hayo kama mtu anayetaja mali yake. Katika mji huo huo, miezi michache kabla, Baraza lilikuwa limegharimia uchapaji wa kantata aliyoitunga kwa kusimikwa kwa Baraza jipya tarehe 4 Februari 1708. Hiyo ndiyo kantata pekee iliyochapishwa Bach akiwa hai ambayo imetufikia. Mwajiri alichapisha kile kilichompa heshima yeye mwenyewe. Muziki wa Jumapili za kawaida ulibaki maandishi ya mkono.

Huko Weimar, Machi 1714, alipandishwa cheo kwa sharti la kutunga kipande kipya kila mwezi. Mwaka 1717, alipopata nafasi kwa Mwana Mfalme Leopold wa Köthen na kuishikilia haki yake ya kuondoka, Mtawala Wilhelm Ernst alimweka kizuizini tangu tarehe 6 Novemba hadi tarehe 2 Desemba. Alipoachiliwa, nyingi katika kantata zake zilikwenda naye, kwa maana miaka michache baadaye twazikuta zikiimbwa Leipzig. Mwajiri aliyeona kwamba mtu ni wake kiasi cha kumfunga hakuona kwamba noti ni zake.

Baraza la Leipzig halikumtaka Bach kwanza. Lilimtaka Telemann, kisha Graupner, na mjumbe mmoja alisema kikaoni kwamba kwa kuwa walio bora hawapatikani, hapana budi kuchukua wa wastani. Tarehe 5 Mei 1723 Bach alitia sahihi hati ya masharti 14. Naisihi kila halmashauri ya usharika iisome hati hiyo, kwa kuwa inafanana mno na barua zetu za ajira. Inamtaka kantori awe kielelezo kwa vijana, awatii wakubwa, asitoke mjini bila idhini ya mkuu wa mji, afuatane na wanafunzi katika mazishi, asipokee kazi ya Chuo Kikuu bila ruhusa. Inamtaka muziki wake usiwe mrefu kupita kiasi, wala usifanane na michezo ya jukwaani, bali uwaamshe wasikilizaji kwenye ibada. Juu ya nani atakuwa mwenye muziki huo, hati haisemi neno.

Na muziki huo ulikuwa mwingi! Kuanzia tarehe 30 Mei 1723 Bach alitoa kantata karibu kila Jumapili na sikukuu, zipatazo 60 kwa mwaka, isipokuwa majira ya Adventi na Kwaresima ambapo muziki wa namna hiyo ulipumzishwa. Utaratibu ulikuwa huu. Yeye aliandika nakala kuu yenye sauti zote pamoja. Kisha wanafunzi wa shule, wanawe, na mkewe Anna Magdalena wakanakili karatasi za sauti, yaani karatasi ya kila mwimbaji na kila mpiga chombo. Jumapili ilipopita, karatasi zote zilirudi kwenye kabati la kantori. Kabati lilikuwa la Bach, lakini nyumba lilimosimama ilikuwa ya Baraza, kwa sababu kantori aliishi ndani ya jengo la shule. Picha hiyo yaeleza hali nzima ya mtumishi wa Kanisa kuliko ufafanuzi wowote wa kisheria.

Bach mwenyewe alizitumia noti zake kama mwenye mali. Machi 1729 sehemu za muziki wa Mateso kwa Mathayo ziliimbwa Köthen kwa maneno mengine katika mazishi ya Leopold, mwajiri wake wa zamani. Muziki alioutunga mwaka 1733 kwa sikukuu za nyumba ya kifalme ya Saxony aliuingiza katika Oratorio ya Krismasi ya mwaka 1734, na Baraza halikuuliza. Mwezi Julai 1733 alimpelekea Mtawala Mteule huko Dresden karatasi za sauti za Kyrie na Gloria, akiomba cheo cha ikulu, ambacho alikipata mwaka 1736. Lakini nakala kuu aliibakiza nyumbani, na kutokana nayo akajenga baadaye Misa kuu katika B ndogo. Alitoa matumizi, akabakiza chanzo.

Haifai tudhani kwamba kazi hii ilimletea fedha. Katika barua yake kwa rafiki yake Erdmann ya tarehe 28 Oktoba 1730 alieleza kwamba mapato yake yalikuwa kama thaler 700 kwa mwaka, na kwamba sehemu kubwa yake ilitegemea ada za mazishi na arusi. Hewa ya mji inapokuwa njema, alisema, mazishi hupungua, na mwaka uliotangulia alikuwa amepoteza zaidi ya thaler 100 kwa njia hiyo. Kantori aliishi kwa vifo vya washarika. Kwa kantata mpya hakuongezewa kitu. Kwa hiyo tusishangae kwa jibu alilolitoa Machi 1739. Karani wa Baraza alikuja kumwambia kwamba muziki wa Mateso wa Ijumaa Kuu usiimbwe hadi kibali kitolewe. Bach akajibu kwamba yeye hajali, kwa maana hapati faida yoyote katika jambo hilo, nalo ni mzigo tu kwake. Waandishi wengine wameliona jibu hili kuwa la mtu mkaidi. Mimi naliona kuwa hesabu sahihi ya mtu aliyekuwa ameshika hati ya masharti 14 kwa miaka kumi na sita.

Mjane na kabati

Tarehe 8 Juni 1749, Bach akiwa bado hai, Baraza lilimsikiliza Gottlob Harrer kwa majaribio ya ukantori, ili nafasi isikae wazi siku itakapotokea. Ilitokea mwaka uliofuata. Katika orodha ya mali ya marehemu iliyotengenezwa mwaka 1750 vimo vyombo vya muziki, vyombo vya nyumbani, na vitabu vya theolojia vipatavyo 80, pamoja na maandiko ya Luther katika matoleo zaidi ya moja. (Biblia yenye maelezo ya Calov, ambayo Bach aliitia alama kwa mkono wake, leo imo katika seminari ya Kilutheri ya Concordia huko St. Louis, Marekani, ilitambuliwa mwaka 1934 katika nyumba ya Mlutheri mmoja wa Michigan.) Jumla ya mali ilikuwa thaler 1,122 na groschen 16. Lakini kantata, Mateso na Misa hazimo katika orodha hiyo. Jamaa walikuwa wamekwisha kugawana karatasi hizo wao kwa wao, na Baraza halikudai hata moja.

Wasomaji wengi watasema: basi, haki ilitendeka, mtunzi aliheshimiwa. Sivyo. Baraza halikuziacha karatasi kwa kuwa lilitambua haki ya mtunzi. Liliziacha kwa kuwa halikuona thamani yake. Kantori mpya angekuja na muziki wake mwenyewe. Kutodai si sawa na kuheshimu, na hilo laonekana katika namna mjane alivyotendewa.

Anna Magdalena alikuwa mwimbaji wa ikulu ya Köthen mwenye mshahara wake kabla ya kuhamia Leipzig. Kwa miaka 27 mkono wake ulinakili muziki wa mumewe. Sasa alibaki na mabinti wawili wadogo, Johanna Carolina mwenye miaka 12 na Regina Susanna mwenye miaka 8, pamoja na binti wa kambo ambaye hakuolewa. Mwezi Agosti 1750 aliliomba Baraza limpe nusu mwaka wa rehema, yaani mshahara wa marehemu kwa miezi sita kama desturi ilivyokuwa kwa wajane wa watumishi. Alikubaliwa. Ndipo mtunza hesabu akakumbuka kwamba mwaka 1723 Bach alilipwa robo nzima ya mwaka ingawa alianza kazi robo hiyo ikiwa imekwisha kusonga, na kiasi kilichozidi kikakatwa katika fedha za mjane. Deni la miaka 27 lilikumbukwa. Kantata za miaka 27 hazikukumbukwa na mtu.

Katika kipindi hicho Anna Magdalena aliikabidhi shule karatasi za sauti za kantata zilizojengwa juu ya nyimbo za Kanisa, ambazo Bach alianza kuzitunga Juni 1724. Tarehe 19 Mei 1752 Baraza lilimpa thaler 40, na kumbukumbu zake zataja sababu mbili kwa pamoja: umaskini wake, na vitu vya muziki alivyovileta. Kwa maneno mengine, fedha hizo zilikuwa nusu sadaka na nusu malipo, na mwandishi wa Baraza hakuona haja ya kutenganisha. Anna Magdalena alifariki tarehe 27 Februari 1760 akiwa ameandikwa miongoni mwa wanawake wanaoishi kwa sadaka. Binti yake Regina Susanna aliishi hadi mwaka 1809; mwaka 1800 gazeti la muziki la Leipzig lilitoa mwito wa kumchangia, na Beethoven alikuwa mmoja wa walioguswa nao.

Safari ya karatasi

Nakala kuu za kantata hizo hizo alizipata mwana wa kwanza, Wilhelm Friedemann, mpiga kinanda wa Halle. Aliacha kazi mwaka 1764, akaingia katika ufukara. Johann Nikolaus Forkel, mwandishi wa kwanza wa maisha ya Bach, asimulia kwamba Friedemann alitaka kumwuzia mkusanyo wa mwaka mzima kwa sarafu 20 za dhahabu, na kwamba baadaye, kwa shida, aliuuza kwa thaler 12. Mwaka 1774 vitu vingine vilipigwa mnada Braunschweig. Sehemu kubwa ya urithi wake ilitawanyika, na mengi hayakuonekana tena.

Carl Philipp Emanuel, mwana wa pili, alikuwa mtunzaji hodari. Katika mikono yake yalidumu Mateso kwa Yohana, Mateso kwa Mathayo na Misa katika B ndogo. Hata yeye hakuweza kuyageuza maandishi ya baba yake kuwa mkate: mwaka 1756 alitangaza kuyauza mabamba ya shaba ya kitabu cha fugue, kwa kuwa nakala zilizouzwa zilikuwa kama 30 tu. Baada ya kifo chake (1788) sehemu kubwa ya urithi wake ilipitia kwa mkusanyaji Georg Poelchau na kufika katika Maktaba ya Kifalme ya Berlin mwaka 1841.

Na zile alizozitoa mjane? Makundi 44 ya karatasi za sauti yalibaki katika Shule ya Mtakatifu Tomaso, na leo yanahifadhiwa katika Bach-Archiv mjini humo. Shuleni humo ndimo Mozart, mwaka 1789, aliposikia moteti ya Bach ikiimbwa na vijana, akaomba aonyeshwe karatasi za sauti, akazitandaza mbele yake na kuzisoma.

Tanzia iliyochapishwa mwaka 1754 yataja kantata za miaka mitano mizima na Mateso matano. Kantata za Kanisa zilizotufikia ni kama 200. Mateso yaliyotufikia kamili ni mawili. Mateso kwa Marko ya mwaka 1731 yatufaa kwa namna ya pekee: maneno yake tunayo, kwa kuwa mshairi Picander aliyachapisha katika kitabu chake mwenyewe mwaka 1732, muziki wake umepotea. Mshairi alikuwa na mchapaji, kantori alikuwa na kabati.

Basi katika jambo hili lote hakuna mwizi. Sheria ilinyamaza, warithi walichukua kilicho chao, Baraza halikunyang'anya. Hata hivyo Kanisa lilipoteza kantata zipatazo mia moja zilizotungwa kwa ibada yake na kuimbwa mbele ya madhabahu zake. Lilizipoteza kwa sababu lililipa mshahara na kudhani kwamba kwa kulipa limemaliza. Halikujiuliza kamwe lina wajibu gani kwa kazi yenyewe.

Sheria ilipokuja

Uingereza ilikuwa na sheria ya kumlinda mwandishi wa vitabu tangu mwaka 1710, lakini katika nchi za Kijerumani ulinzi wa namna hiyo ulikuja taratibu. Prussia ilitoa sheria kamili mwaka 1837. Baadaye mikondo miwili ilitengana. Marekani, katika sheria yake ya mwaka 1909, ilimhesabu mwajiri kuwa ndiye mtunzi wa kazi iliyofanywa kwa ajira. Uingereza, mwaka 1911, ilimfanya mwajiri kuwa mwenye haki wa kwanza isipokuwa mkataba ukisema vingine. Ujerumani, kwa sheria ya mwaka 1965, inashikilia kwamba mtunzi ni yule aliyetunga, wala hawezi kuuhamisha utunzi wake. Mwajiri hupata haki za matumizi tu. Nchi zilizotawaliwa na Uingereza zilirithi mkondo wake kwa njia mbalimbali. Tanzania ilitunga sheria ya hakimiliki mwaka 1966 na nyingine mwaka 1999, ikajiunga na Mkataba wa Bern mwaka 1994. Mwenye shauri mahususi na amwone mwanasheria. Mimi si mmoja wao.

Kwa mtazamo wa kitheolojia, naona fundisho la wito linauelekea zaidi mkondo wa Kijerumani. Luther alifundisha kwamba wito humjia mtu, si ofisi tupu. Karama hukabidhiwa mtu mwenye jina, naye ndiye atakayetoa hesabu yake. Usharika unaweza kununua muda wa mwalimu wa kwaya. Hauwezi kununua ukweli kwamba ni yeye aliyetunga. Kwa upande mwingine, siwaungi mkono watumishi wanaoondoka na daftari na kukataza nyimbo zisiimbwe tena mahali zilipozaliwa. Zilitungwa kwa ibada ya watu wale, wakazijifunza kwa masaa ya jioni baada ya shamba, na sauti zao zimo ndani yake kama mikono ya wanafunzi wa Leipzig ilivyomo katika karatasi za Bach. Usharika una haki ya kuendelea kuimba. Maneno ya 1 Timotheo 5:18 na Yakobo 5:4 huhubiriwa kwetu mara nyingi juu ya wafanyakazi wa mashamba; ni nadra kuyasikia yakihubiriwa juu ya walimu wa kwaya.

Tunao mfano wa karibu. Katika miaka ya 1960 Howard Olson, mhadhiri katika Chuo cha Theolojia cha Kilutheri Makumira kama kilivyoitwa wakati huo, alikusanya nyimbo za Kiafrika, nyingine zikiwa kazi ya wanafunzi wake, zikatoka katika kitabu Tumshangilie Mungu. Maneno ya wimbo wa Pasaka "Mfurahini, Haleluya" yalitungwa na Bernard Kyamanywa akiwa mwanafunzi chuoni hapo, juu ya tuni ya asili. Wimbo huo umo katika vitabu vya nyimbo vya nchi nyingi, na jina la mtunzi lingali chini yake. Baadhi ya nyimbo za mkusanyo huo zinapochapishwa Marekani huonyesha kwamba hakimiliki ni ya Chuo. Naona utaratibu huo ni bora kuliko wa Leipzig katika jambo moja kubwa: kila anayefungua kitabu anajua ni nani aliyetunga na ni taasisi gani ya kuulizwa. Linalobaki kujulikana kwa kila taasisi yenye haki za namna hiyo ni kama ada zinazopokelewa zina fungu la mtunzi au la mjane wake, na fungu hilo limeandikwa wapi.

Kwa nyimbo za kwaya zetu nyingi hata hatua hiyo hatujaifikia. Zilisambazwa kwa kanda za kaseti zenye jina la kwaya na jina la usharika juu yake, mara nyingi bila jina la aliyetunga, na kanda hizo sasa zinachakaa. Walimu waliozitunga wengine wamestaafu, wengine wamelala. Dayosisi inayotaka kuanza mahali fulani inaweza kuanza na orodha: wimbo, mtunzi, mwaka, usharika, na mahali daftari lilipo, pamoja na nakala moja katika kumbukumbu za dayosisi wakati lile la asili likibaki kwa mtunzi au jamaa yake. Na barua ya ajira ya mwalimu wa kwaya, ambayo kwa sasa huandika masaa ya mazoezi, posho na likizo, yahitaji kuongezewa aya moja juu ya nyimbo atakazozitunga akiwa kazini: kwamba jina lake litabaki juu yake, kwamba usharika utaendelea kuziimba, na kwamba zikileta fedha yeye na warithi wake watapata kiasi gani. Hati ya masharti 14 ya mwaka 1723 ilikuwa na nafasi ya kutosha kwa sharti la 15.